Daftari la Ebenezeri

Jumapili ya kwanza ya Mei 2019, baada ya ibada, washarika wa mtaa wetu hapa Sepuka walibaki nje ya kanisa kuliombea guta. Kwa asiyelijua, guta ni pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya kubebea mizigo nyuma. La kwetu lilikuwa la bluu, jipya, kiti bado kimevishwa nailoni ya dukani, na mbele kijana mmoja wa kwaya alikuwa ameliandika kwa rangi nyeupe jina tulilokubaliana wote: EBENEZERI. Mchungaji alisoma habari za Samweli na lile jiwe alilolisimamisha kati ya Mispa na Sheni, akaweka mkono juu ya tangi la mafuta, akaomba. Akina mama wakapiga vigelegele. Watoto wakapanda nyuma wakazungushwa kanisa mara mbili.

Wiki sita baadaye watoto hao hao walikuwa wakilipita guta limeegeshwa ubavuni mwa kanisa na kusema, "Hili sasa ni jiwe kweli." Hatukuwakemea. Tungewakemea kwa lipi?

Tumeombwa tueleze jinsi tulivyodai haki yetu kwa waliotuuzia chombo kibovu, maana wengi walisikia kwamba tulifanikiwa. Tutaeleza. Lakini ndani ya habari hiyo mna jambo jingine ambalo si la kujivunia, na kwenye kikao tulikubaliana kwamba ama tuandike yote au tusiandike kabisa.

Sisi ni kaya kumi na moja. Tunalima alizeti na mtama, na kila nyumba ina kuku wake wa kienyeji, kama Singida yote. Tulianza kuweka fedha pamoja kwa sababu ya lumbesa. Mkulima yeyote anajua lumbesa ni nini: mnunuzi anakuja shambani na magunia yake, anajaza mpaka mdomoni, kisha anashonea kilemba juu, na kilemba hicho hakilipiwi. Wakala wa Vipimo wanakataza jambo hilo na kila mwaka tunasikia redioni likikatazwa. Shambani, jua linapozama na una mtoto wa kupeleka shule, unashika fedha uliyopewa na kilemba unakiachia. Tulikuwa tunasoma Mithali mlango wa kumi na moja, pale penye habari za mizani ya hadaa, na kila mara tulipofika hapo macho yetu yalikwenda kwa walanguzi. Tukasema, tukiwa na usafiri wetu tutapeleka alizeti wenyewe mjini kwenye viwanda vya kukamua, ipimwe kwa kilo, na hakuna kilemba tena.

Miaka mitatu tulichanga. Mjane mmoja kati yetu aliuza kuku wake karibu wote, akabaki na jogoo na mitetea miwili. Mwingine aliuza ndama. Tulipofikisha shilingi 6,400,000 tulituma watu wanne Singida mjini. Walirudi na guta, risiti ya EFD, kadi ya chombo, kitabu cha maelezo na karatasi ya warantii ya miezi mitatu. Walimweleza muuzaji wazi kwamba tutabeba alizeti na mara nyingine mapipa ya maji, na kwamba njia yetu si ya lami. Akasema, "Wazee wangu, kwa kazi hiyo hili ndilo lenyewe." Neno hilo tulilikumbuka baadaye.

Wiki ya kwanza haijaisha, dereva wetu aliona mafuta yanatona chini ya difu, upande wa kulia nyuma. Akaongeza nusu lita na kuendelea. Kisha ikaanza sauti, si kubwa, kama mtu anayeguna usingizini. Tulimpigia simu yule kijana wa mauzo, akasema chombo kipya lazima kijizoeze. Tukaamini, kwa sababu tulitaka kuamini. Tarehe 8 Juni, Jumamosi, guta likiwa na mzigo, difu ikasaga kwa kelele, magurudumu ya nyuma yakakataa. Watu watatu walilala njiani na alizeti yetu mpaka asubuhi. Kulipopambazuka waliona na jambo la pili: fremu ilikuwa na ufa chini ya bodi, palipounganishwa kwa kuchomelewa.

Jumatatu tulikwenda dukani. Hatutalitaja duka hilo, na hatulitaji kwa makusudi. Tulipokelewa kwa soda. Yule kijana alisikiliza vizuri, akaandika kila kitu, kisha akauliza swali moja tu: "Mlikuwa mnabeba magunia mangapi?"

Kitabu cha maelezo kinasema mwisho kilo 500. Gunia letu la alizeti ni kama kilo 60. Piga hesabu mwenyewe, yanatoka manane.

Mmoja wetu akajibu, "Manane."

Haikuwa kweli. Jumamosi mbili mfululizo, tarehe 25 Mei na tarehe 1 Juni, tulipakia magunia kumi na manne, kwa sababu kila kaya ilitaka lake litangulie na hakuna aliyekubali kubaki. Dereva alilalamika. Tulimwambia chombo ni kipya. Tarehe 8 ndipo tulipakia manane, kwa hiyo ulimi ulipata pa kushika: siku kilipoharibika, yalikuwa manane kweli. Msomaji anaijua aina hii ya ukweli. Aliyejibu hatutamtaja pia, maana tulikuwa wanne pale kaunta na watatu waliobaki walitazama chini.

Baada ya hapo zikaanza safari. Juni na Julai tulikwenda dukani mara saba. Mara fundi amekwenda Manyoni, mara bosi yuko Dar es Salaam, mara kifaa kinasubiriwa kutoka China, mara karatasi yetu ya warantii imewekwa mahali na mwenye ufunguo ana msiba. Siku ya kwanza tulikalishwa kwenye viti vya ofisini. Siku ya nne tulikalishwa benchi la nje. Siku ya sita tulisimama. Soda haikuonekana tena. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ilikuwa inakula mfuko ule ule tuliouanzisha ili kuokoa fedha. Mara moja yule kijana alituonyesha maandishi madogo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Alionyesha kwa kidole, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Wakati huo alizeti ilikuwa inakauka na walanguzi walikuwa wamerudi na magunia yao. Tuliuza. Vilemba vilishonwa kama kawaida.

Kwenye jumuiya tuligawanyika, na tuligawanyika kwa Biblia. Upande mmoja walikuwa na Wakorintho wa Kwanza, mlango wa sita, pale Paulo anapowaaibisha wanaopelekana mahakamani. Wakasema afadhali kudhulumiwa, tusamehe, Mungu atalipa. Upande wa pili walikuwa na yule mjane wa Luka kumi na nane, aliyemsumbua kadhi mpaka akachoka. Mama yetu aliyeuza kuku alikuwa upande huo. Alisema kusamehe ni kuzuri, ila hao wanaotaka kusamehe wamwambie kwanza wanasamehe fedha ya nani. Tulicheka, lakini hoja ilikuwa nzito. Ni rahisi mno kuwa mpole kwa jasho la mwenzako. Na tukisema kweli, wengine kati yetu hatukuwa wapole. Tulikuwa tumechoka tu, tukatafuta aya ya kulalia.

Mwinjilisti wetu hakuamua upande. Alitukumbusha Mathayo kumi na nane: mwendee aliyekukosea, mkiwa wawili peke yenu, asiposikia, chukua mashahidi. Mtu akapinga kwamba maneno yale ni ya ndugu katika imani, na muuzaji hatujui hata anasali wapi. Mwinjilisti akajibu kwamba kama utaratibu ule unatosha kwa ndugu hauwezi kuwa mbaya kwa mgeni. Kisha akasema tumtafute mtu anayejua sheria, kwa sababu shahidi asiyejua anachokishuhudia ni mzigo.

Tulimpata karani mstaafu wa mahakama, mzee wa mtaa wa jirani. Alitupokea vizuri, akavaa miwani, akasoma kila karatasi mpaka nyuma. Alituambia kwamba ile tunayoiona kama hisani ya muuzaji ni wajibu wake. Ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ya tangu enzi za Mwingereza, na maana yake kwa lugha ya kwetu ni hii: ukimweleza muuzaji kazi unayotaka bidhaa ikufanyie, ukategemea ujuzi wake, naye akakuuzia, basi sheria inahesabu amekuahidi kwamba bidhaa inaifaa kazi hiyo, hata kama neno ahadi halikutamkwa. Ipo pia Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, na humo mna sehemu nzima ya kumlinda mnunuzi wa kawaida. Yale maandishi madogo kwenye risiti, alisema, hayamwondolei muuzaji mzigo wa bidhaa iliyotoka kwake na kasoro. Yanamzuia mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi ya shati.

Tulitoka kwenye viti tukitaka kuondoka mara moja kwenda mjini. Akatuzuia. "Andikeni barua. Wekeni nakala ya risiti, nakala ya warantii, tarehe zote mlizokwenda. Wapeni siku kumi na nne. Na hasara yenu mtaithibitisha kwa kitu gani?"

Tukasema tuna daftari. Mhazini wetu huandika kila safari: tarehe, mzigo, mafuta, nauli iliyolipwa. Mzee akafurahi sana. "Hilo daftari ndilo wakili wenu," akasema. "Leteni nilione."

Tuliitikia, tukashukuru, tukatoka. Njiani hakuna aliyesema neno. Ndani ya daftari lile, kwa mwandiko mzuri wa mhazini, palikuwa na mstari wa tarehe 25 Mei, magunia 14, na mstari wa tarehe 1 Juni, magunia 14.

Usiku huo tulikutana watano nyumbani kwa katibu. Tunaandika jambo hili kwa aibu. Tulikuwa na daftari jipya la kaunta, la aina ile ile, limenunuliwa dukani hapa hapa Sepuka. Mpango ulikuwa kunakili safari zote upya, na pale penye 14 paandikwe 8. Tulijiambia duka lile limetudanganya mara saba, na hii ni mara moja. Tulijiambia difu ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ambayo ni kweli, na kwamba namba mbili tu zisifunike ukweli mkubwa. Tulianza hata kwa sala, Mungu atusamehe. Ni mazoea, kikao hakianzi bila sala.

Katibu alinakili vizuri tarehe 6, tarehe 11, tarehe 18. Kwenye tarehe 11 alisoma kwa sauti alichokikuta: mafuta yanavuja difu kulia, tumeongeza nusu lita. Akanakili. Alipofika tarehe 25 akainua kichwa. "Niandike ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Yeye ndiye mwenye kalamu lakini alitaka mmoja wetu aitamke namba, na alikuwa na haki ya kutaka. Taa ya sola ilikuwa inaanza kufifia. Akauliza tena. Mama mwenyekiti akasema, "Sisi ndio tuliokuwa tunawasema walanguzi?" Hakusema zaidi. Katibu akafunga kalamu. Lile daftari lenye kurasa tatu zilizoandikwa bado lipo. Mtoto wake alimalizia kurasa zilizobaki kwa hesabu za shule.

Kesho yake tulimpelekea karani daftari la kweli na kumweleza tulichosema dukani. Alivua miwani. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akatuambia bila kutupamba kwamba fremu tumeipoteza, hakuna wa kutulipa, na kwamba muuzaji akitaka kuwa mgumu atasema na difu ni mzigo. Lakini akaweka kidole kwenye tarehe 11 Mei. "Mlikwishaandika inavuja, wiki mbili kabla ya kuzidisha. Mngelileta daftari jipya, nani angeuamini mstari huu? Wino wa siku moja unaonekana." Tulifarijika, ila wengine wetu tuliona aibu zaidi, kwa sababu tungekuwa tumeutupa ushahidi wetu wenyewe kwa mikono yetu.

Safari ya nane tulikwenda sita, pamoja na mwinjilisti na karani. Tuliomba kuonana na mwenye duka mwenyewe, na siku hiyo alikuwepo. Kabla ya barua, kabla ya sheria, mwenyekiti wetu alisimama akasema kwamba tarehe 10 Juni tulimwambia kijana wake magunia manane, na kwamba kuna siku mbili yalikuwa kumi na manne, na tumekuja kusahihisha. Akaweka daftari mezani limefunguliwa.

Yule kijana wa mauzo akatabasamu. Tabasamu lile lilituuma, maana lilikuwa halali yake.

Mwenye duka hakutabasamu. Alilivuta daftari, akasoma ukurasa wote, akarudi juu tarehe 11, akauliza kama siku hiyo tulipiga simu. Dereva akaonyesha namba kwenye simu yake. Mwenye duka akamgeukia kijana, wakaongea kwa sauti ya chini, hatukusikia yote, lakini tulisikia neno "uliniambia." Kisha akaagiza guta lifuatwe na gari lao.

Fundi wao alilifungua mbele yetu siku mbili baadaye. Alisema sili ya difu ilifungwa ikiwa imepinda tangu kiwandani, mafuta yakatoka, beringi ikala kavu. Fremu akaipapasa akasema, "Hii ni ninyi." Difu walibadilisha bila malipo, pamoja na mafuta. Fremu tulilipia kuchomelewa na kuongezewa chuma, shilingi 180,000. Fidia ya msimu uliopotea tuliiomba kwenye barua. Jibu lilikuwa hapana, na hatukwenda mbele. Karani alisema tungeweza kujaribu. Hatukuwa tena na fedha ya nauli, na alizeti ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Basi wanaosema tulifanikiwa wanasema nusu. Kuna ndugu yetu mmoja, kichwa cha kaya ya tisa, ambaye hakukubali kabisa. Yeye hakuwepo usiku ule kwa katibu. Aliposikia tumekiri wenyewe dukani alisema tulikuwa na nafasi ya kupewa guta jipya na tumeichezea kwa sababu ya dhamiri zetu, na dhamiri zetu hazikumlimia yeye shamba. Akadai sehemu yake. Tulimrudishia kidogo kidogo kwa miezi minane. Hakuwa mtu mbaya, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ilikuwa hoja ile ile ya mama wa kuku, kwamba tusiwe wema kwa mali ya mwingine. Hatujapata jibu lake linalotutosha sisi wenyewe. Tungemshirikisha kabla, pengine angekubali, pengine angetushinda kwa kura. Tuliogopa kura.

Mkewe anaendelea kuimba kwaya. Yeye mwenyewe humpeleka mpaka mlangoni kwa baiskeli, anasalimia, anageuza.

Ebenezeri bado linatembea. Gia ya tatu lina mlio wake ambao fundi hajaupatia dawa. Ubavuni, chini ya jina, tuliandika kwa rangi ile ile nyeupe: MAGUNIA 8. Walanguzi wakipishana nalo hucheka, na mmoja alimuuliza dereva kama hiyo ni namba ya zaburi.

Msimu uliopita, siku ya Ijumaa, yule ndugu yetu alikuja kwa mhazini. Alikuwa na magunia kumi na moja na walanguzi walimtaka kwa kilemba. Hakuomba kurudi kundini, na hatukumwuliza. Dereva alipakia manane, akayafikisha mjini, na Jumatatu akarudia matatu. Kwa safari zote mbili tulimtoza nauli ya mtu wa nje, kwa kuwa kanuni tulizoandika ndivyo zinavyosema. Mama mwenyekiti alipinga. Suala hilo limewekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho.